Mtoto mwanamichezo akiumia: Funzo la Jonny Wilkinson kwa wazazi

Isaka. Katika mji huu wa reli, malori na bandari kavu, jioni mtoto hahitaji mengi ili acheze. Mpira wa makaratasi na nailoni, mawe mawili ya goli na kiwanja cha vumbi vinatosha. Chandimu inaanza, na kila mtaa una mtoto mmoja ambaye wenzake wanamuita kwa jina la mchezaji maarufu.

Ndoto hiyo si ya hewani. Ukanda huu umewahi kuwa na timu za Ligi Kuu kama Stand United na Mwadui za Shinyanga, na Geita Gold kutoka kwenye mji wa dhahabu. George Mpole akiwa Geita Gold aliibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu Tanzania Bara msimu wa 2021/22, akiwa na mabao 17. Mtoto wa Isaka aliyeyasikia hayo redioni haoni kwa nini zamu yake isifike.

Mzazi naye huanza kuota pamoja na mtoto. Ananunua viatu, anaruhusu safari za UMITASHUMTA na UMISSETA, anawaambia majirani. Kisha siku moja mtoto analetwa nyumbani amebebwa na wenzake, goti limevimba kama papai.

Hapo ndipo maswali yanapoanza. Je, atacheza tena? Na asipocheza, atakuwa nani?

Swali la kwanza ni la daktari. La pili ni la nyumbani, na ndilo wazazi wengi hulisahau. Mwanamichezo mmoja wa Uingereza, Jonny Wilkinson, aliishi na maswali hayo yote mawili kwa miaka mingi, mbele ya macho ya dunia. Mchezo wake haufahamiki sana Isaka, lakini yaliyompata yanaweza kumfaa mzazi yeyote mwenye mtoto anayependa michezo.

Mpigaji ni nani?

Wilkinson alicheza raga, mchezo wa mpira wenye umbo la yai ambao wachezaji huushika kwa mikono, hukimbia nao na hukabana kwa kuangushana. Wakenya wanaupenda sana, na hata hapa nchini unachezwa katika miji kama Arusha na Dar es Salaam.

Goli la raga lina umbo la herufi H. Timu ikipewa adhabu, mtu mmoja huuweka mpira chini, hurudi nyuma hatua chache, na kuupiga upite juu ya mwamba wa kati, katikati ya nguzo mbili. Ukipita, timu inapata pointi 3. Akiudondosha mwenyewe na kuupiga unapogusa tu ardhi, mchezo ukiwa unaendelea, ukapita, ni pointi 3 pia.

Kazi ya mpigaji ni kama kupiga penalti kila wiki, mara nyingi katika mechi moja. Wenzake wote husimama na kumtazama. Akipata ni shujaa, na akikosa hana wa kumlaumu.

Mtoto aliyeogopa kukosea

Wilkinson alizaliwa Mei 25, 1979, kusini mwa England. Alianza raga akiwa mdogo, na kipaji kilionekana mapema. Lakini mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba tangu utotoni alikuwa na hofu kubwa ya kukosea, kiasi cha kuugua tumbo kabla ya mechi. Watu waliona mtoto mwenye nidhamu na bidii. Ndani yake kulikuwa na mtoto asiyejipa ruhusa ya kushindwa.

Alianza kuichezea England mwaka 1998 akiwa na miaka 18. Miezi michache baadaye, Juni mwaka huo, alipangwa katika kikosi kilichokwenda Australia na kufungwa 76-0 jijini Brisbane. Kijana mwingine angeweza kuacha. Yeye alirudi nyumbani na kuongeza mazoezi.

Aliongeza mno. Alikuwa akibaki uwanjani saa nyingi baada ya wenzake kuondoka, akirudia pigo moja hadi aridhike, hata siku za sikukuu. Akiwa na kocha wake wa upigaji, Dave Alred, alijifunza kumlenga mwanamke wa kufikirika waliyemuita Doris, aliyeketi jukwaani nyuma ya goli. Pia alijifunza kupiga kwa miguu yote miwili, ingawa yeye hutumia kushoto.

Novemba 22, 2003, katika fainali ya Kombe la Dunia jijini Sydney, England na Australia zilikuwa sare ya 17-17 zikibaki sekunde chache muda wa nyongeza uishe. Mpira ulimfikia Wilkinson akiwa upande mbaya kwa mguu wake wa kushoto. Akaupiga kwa mguu wa kulia, ukapita kati ya nguzo. England ikashinda 20-17 na kuwa bingwa wa dunia. Mwaka huo alitangazwa mchezaji bora wa raga duniani. Alikuwa na miaka 24.

Siku 1,169

Baada ya hapo mwili ulianza kudai deni lake.

Mapema mwaka 2004 alifanyiwa upasuaji wa shingo. Alipopona, msuli wa mkono ukaumia. Kisha goti. Likafuata tatizo la kidole tumbo, kinena, goti tena. Mwishoni mwa mwaka 2006 aliumia figo. Kila alipokaribia kurudi, kitu kingine kiliachia.

Katikati ya majeraha hayo aliwahi kucheza, ikiwemo ziara ya mwaka 2005 ya timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland huko New Zealand. Lakini jezi ya England hakuivaa tena tangu usiku ule wa Sydney hadi Februari 3, 2007. Zilipita siku 1,169, sawa na zaidi ya miaka mitatu.

Siku aliyorudi, dhidi ya Scotland jijini London, alifunga pointi 27 na England ikashinda 42-20. Mwaka huohuo aliifikisha nchi yake fainali nyingine ya Kombe la Dunia, ambayo Afrika Kusini ilishinda 15-6.

Mzazi anaposikia hadithi hii huona ushindi wa subira. Ni kweli, lakini ni nusu ya hadithi. Septemba 2008 pia ya goti la Wilkinson ilichomoka katika mechi ya klabu, na akawa nje tena kwa miezi mingi.

Kilichouma kuliko goti

Nusu ya pili ya hadithi ameieleza Wilkinson mwenyewe katika kitabu chake na katika mahojiano mengi. Amesema furaha ya Kombe la Dunia haikudumu. Mara tu baada ya ushindi alihisi utupu, kwa sababu kilele alichokiota tangu utotoni kilikuwa kimeshapita. Majeraha yalipomweka nje, alipata wasiwasi mkubwa na sonona.

Sababu yake inaeleweka kirahisi. Tangu akiwa mtoto, thamani yake yote aliiweka katika kazi moja ya kupiga mpira. Alipopata alijiona mtu, na alipokosa hakujisamehe. Mwili ulipokataa kupiga, hakujua yeye ni nani.

Hili ndilo jambo ambalo mzazi wa Isaka, Kahama au Geita anapaswa kulitazama kabla mtoto hajaumia. Mtoto anayesifiwa kwa mabao tu, anayepokelewa kwa shangwe akishinda na kwa kimya akifungwa, hujifunza kwamba anapendwa kwa sababu ya mguu wake. Siku mguu ukivunjika, anaamini kuwa mapenzi nayo yamekwisha.

Majeraha hayakumfundisha Wilkinson hilo kwa siku moja. Alianza kusoma, yakiwemo mafundisho ya Kibuddha, akaanza kuzungumza na watu kuhusu hofu yake, na taratibu akatenganisha mtu na mpigaji. Amekuwa mkweli pia kwamba safari hiyo haikuisha alipopona goti. Baada ya kustaafu bado alipitia vipindi vigumu.

Miaka mizuri baada ya mibaya

Mwaka 2009, akiwa na miaka 30, aliiacha Newcastle, klabu aliyoichezea tangu mwaka 1997, akahamia Toulon, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa. Wengi waliona amekwenda kumalizia. Mchezaji wa umri huo mwenye historia ndefu ya majeraha huonekana kama lori kuukuu. Linabebeshwa mizigo midogo tu.

Alikwenda mahali ambapo lugha haikuwa yake, akajifunza Kifaransa, akawa nahodha. Mwishoni mwa mwaka 2011 alistaafu timu ya taifa akiwa amecheza mechi 91 na kuifungia England pointi 1,179. Akabaki na klabu.

Mei 2013, Toulon iliifunga Clermont 16-15 jijini Dublin na kutwaa ubingwa wa klabu za Ulaya. Wilkinson alifunga pointi 11 kati ya hizo 16. Mei 24, 2014, siku moja kabla ya kutimiza miaka 35, Toulon ilitetea kombe hilo kwa kuifunga Saracens 23-6. Wiki moja baadaye ilishinda ligi ya Ufaransa kwa kuifunga Castres 18-10, na pointi 15 zikawa zake. Hiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho. Mashabiki wa Ufaransa, nchi ambayo aliwahi kuifunga mara nyingi, walimuaga kama mtoto wao.

Baada ya kuvua viatu hakutoka mchezoni. Aliwafundisha upigaji vijana wa timu ya taifa ya England, akawa mchambuzi katika televisheni, na amekuwa sauti inayosikika kuhusu afya ya akili ya wanamichezo. Kazi hizo zote hazidai goti zima. Zinadai yale aliyoyajua na yale aliyoyapitia.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi aliyejua kazi yake hubaki mhunzi hata kifaa kikivunjika. Tatizo ni pale mtu anapoamini kuwa yeye ndiye koleo.

Saa za kwanza baada ya kuumia

Kabla ya hayo yote, mtoto anahitaji matibabu sahihi, na hapa ndipo familia nyingi hukosea kwa nia njema.

Kosa la kwanza ni kuchua na kukanda kwa maji ya moto papo hapo. Katika siku mbili za mwanzo, kiungo kilichoteguka kinahitaji kupumzishwa, kupozwa kwa kitambaa chenye maji baridi au barafu iliyofungwa kwenye nguo, na kuinuliwa juu ya mto. Joto na kuchua huongeza uvimbe.

Kosa la pili ni kusema "ameteguka tu" na kusubiri wiki. Mtoto asiyeweza kutembea hata hatua nne, mwenye kiungo kilichopinda, au mwenye maumivu makali akibonyezwa kwenye mfupa, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Mifupa ya watoto ina sehemu laini karibu na maungio ambako mfupa hukua. Ikiumia na isitibiwe vizuri, mguu unaweza kukua umepinda au mfupi kuliko mwenzake.

Kosa la tatu ni kwenda kwa fundi wa kuunga mifupa kabla ya picha ya eksirei. Mikono yake inaweza kuwa na uzoefu, lakini haioni ndani. Mfupa uliofungwa kwa mianzi ukiwa haujakaa sawa huunga vilevile ulivyo, na kamba iliyokazwa sana inaweza kuzuia damu. Tatizo likizidi uwezo wa kituo cha jirani, ngazi zipo: hospitali ya rufaa ya mkoa wa Shinyanga, kisha Bugando jijini Mwanza, na MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam. Anza mapema kuulizia rufaa na bima.

Kichwa kina kanuni yake. Mtoto aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu, akachanganyikiwa, akatapika au akaona kizunguzungu, asirudi uwanjani siku hiyo hata kama anasema yuko sawa. Apelekwe hospitali.

Hogo likitoka, kazi bado

Familia nyingi hudhani siku hogo linapokatwa ndiyo siku ya kurudi uwanjani. Lakini mguu uliokaa wiki kadhaa bila kazi umepoteza misuli. Ukiuweka kando ya mwenzake unaona wazi umekonda. Mtoto akirudi kwenye chandimu katika hali hiyo, goti hukosa wa kulishika.

Hapo ndipo anapohitajika mtaalamu wa tibaviungo. Mazoezi mengi anayoyatoa hayana gharama: kukaza paja ukiwa umelala, kunyanyua mguu ulionyooka, kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika ukuta, kupanda na kushuka ngazi moja. Yanachosha kwa sababu yanajirudia. Kazi ya mzazi ni kuhesabu pamoja na mtoto kila siku, hata kama ni dakika 15 wakati maharage yanachemka.

Kwa kano kubwa ya ndani ya goti iliyokatika na kufanyiwa upasuaji, wataalamu hushauri isipungue miezi tisa kabla ya kurudi katika mechi. Timu ya shule inaweza kuwa na fainali mwezi ujao, na mwalimu wa michezo anaweza kuja nyumbani kuomba. Jibu la mzazi liwe moja: daktari kwanza. Haraka haraka haina baraka, na goti la mtoto wa miaka 14 linatakiwa limfikishe miaka 70.

Watanzania wana mfano mkubwa wa kuvumilia maumivu. John Stephen Akhwari aliumia goti katika mbio za marathon za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akamaliza wa mwisho akiwa na bandeji mguuni, na dunia ikamheshimu. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba mwaka 1970 alikimbia tena, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, na kushika nafasi ya tano. Mzazi anayemsimulia mtoto habari za Akhwari asiishie kwenye bandeji. Asimulie na Edinburgh, kwamba aliyeumia alikuwa na mbio nyingine mbele yake.

Maneno ya nyumbani

Mtoto aliyeumia hukaa kitandani akisikia wenzake wakicheza nje. Ni wakati mgumu kuliko watu wazima wanavyodhani. Dalili za kuangalia ni kukosa usingizi, kukataa chakula, hasira za ghafla, kukwepa marafiki, au kusema kwamba hana faida tena. Zikidumu zaidi ya wiki mbili, wahudumu wa afya waelezwe wazi kama wanavyoelezwa kuhusu goti. Akitamka kutaka kujidhuru, asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo.

Yapo maneno ya kuyaacha. "Umejitakia" humfunga mdomo. "Na zile fedha za viatu?" humfanya ajione deni. "Utapona tu, usijali" nayo, ikisemwa harakaharaka, humaanisha hatutaki kusikia.

Yapo na ya kusema. Mwambie kwamba kuumia si kosa lake. Muulize anaogopa nini, kisha nyamaza asikilizwe. Mpe kazi ndogo ya nyumbani anayoiweza, ili aendelee kuwa mtu anayetegemewa. Baba ambaye alizoea kuzungumza naye mpira tu atafute jambo la pili la kuzungumza. Ndiyo daraja litakalobaki mpira ukikosekana.

Usimfungie mbali na mchezo wenyewe. Anaweza kuketi na timu akaandika nani amefunga na nani amebadilishwa. Anaweza kujifunza sheria na siku moja kuwa mwamuzi. Anaweza kuwafundisha wadogo zake kupiga kona. Katika michezo kuna makocha, madaktari, watangazaji, waandishi, watunza viwanja na wahasibu wa klabu, na wengi wao waliwahi kuwa watoto wenye magoti mabovu.

Shule isisimame. Mwalimu aombwe kazi za darasani, mtoto wa jirani azilete. Mtoto mwenye daftari mkononi anaona mwezi ujao. Asiye na kitu anaona hogo tu.

Kabla hajaumia

Wazazi ambao watoto wao ni wazima leo wana nafasi nzuri kuliko wote. Siku mtoto akirudi kutoka uwanjani, swali la kwanza lisiwe "mmeshinda?" wala "umefunga mangapi?" Liwe "umefurahi?" au "umejifunza nini leo?" Ni mabadiliko madogo ya ulimi, lakini humwambia mtoto kwamba anayesubiriwa nyumbani ni yeye, na mabao yake ni nyongeza.

Wilkinson alikuwa na kila kitu ambacho mtoto wa Isaka hana: madaktari bingwa, klabu ya kumlipa akiwa kitandani, makocha wa kila kiungo. Bado miaka mingi ilipita kabla hajaamini kwamba bila lile pigo yeye ni mtu kamili. Hilo halihitaji hospitali kubwa. Mtoto anaweza kulisikia nyumbani, jioni yoyote, kabla ya goti lolote kuvimba.